Kabla hujalipia Mark X ya mkononi

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, mama wa watoto watatu, na wawili kati yao wako bweni Iringa. Mwaka 2021 nilinunua Toyota Mark X iliyonila pesa na usingizi. Mwaka 2023 nikanunua nyingine, na ndiyo ninayoendesha mpaka leo. Zote mbili GRX120, yaani namba ya chesisi ya Mark X ya toleo la kwanza, zote injini ya lita 2.5, hata rangi zinakaribiana. Kilichotofautiana ni namna nilivyokagua kabla ya kutoa hela. Kila mwalimu mwenzangu anayetaka gari huja kuniuliza, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Swali la kwanza huwa ni lile lile: hilo gari si lilishaacha kutengenezwa? Ndiyo. Ukoo wake ulianza Japani mwaka 1968 kwa jina la Corona Mark II, na sisi tuliokuwa watoto miaka ya 80 tuliujua kama Cressida, jina ambalo Mark II iliuzwa nalo nchi za nje. Mark X ya kwanza ilitoka Novemba 2004, ya pili Oktoba 2009, na Desemba 2019 Toyota wakaacha kuitengeneza kabisa. Hilo lisikutishe, ila elewa maana yake kwa mfuko wako. Injini ya 2.5, ile V6, yaani ya silinda sita, iitwayo 4GR-FSE, haikuwa ya Mark X peke yake. Imo kwenye Crown, imo kwenye Lexus IS250. Pampu ya maji, koili, plagi, hata injini nzima ya mtumba, ukishuka Gerezani pale Kariakoo utapata kwa kuchagua. Vinavyoadimika mwaka hadi mwaka ni vile vya Mark X tupu: taa za mbele, bampa, vioo vya pembeni, vipande vya plastiki vya ndani. GRX120 ina taa zenye miduara mitatu kila upande, na hakuna gari la aina nyingine utakalolivua taa hizo ukaziweka kwako.

Kwa hiyo mimi sianzi na boneti. Naanza na bodi. Gari lenye injini iliyochoka kidogo lakini bodi kamili litatengenezeka, ila lenye injini nzuri na taa iliyopasuka litakuzungusha miezi.

Ipi hasa

Soma namba ya chesisi, itakuambia unachouziwa. GRX120 ni 2.5 ya kusukuma kwa nyuma, GRX121 ni ya lita 3, GRX125 ni 2.5 inayovuta kwa magurudumu yote manne. Toleo la pili ni GRX130, GRX133 yenye lita 3.5, na GRX135 ya magurudumu manne. Kwa familia ya mshahara chukua 2.5 ya kusukuma kwa nyuma. Yangu hunipa kilomita 7 kwa lita mjini, na safari ya Iringa hufika 10 nikitulia. Anayekuahidi 15 anakudanganya.

Kama una uwezo, nenda moja kwa moja kwenye GRX130. Huko Japani 2.5 ya toleo la kwanza ilitakiwa kunywa petroli ya daraja la juu, ya pili wakairekebisha itumie ya kawaida, na nguvu zikashuka kutoka farasi 215 hadi 203. Mimi hela yangu iliishia GRX120 na sijutii.

Jambo jingine ni namba. Hapa kwetu bei hupangwa kwa herufi. "Dada, hii ni namba D," dalali atakwambia, kama vile amemaliza maelezo yote. Herufi inaonyesha gari lilisajiliwa nchini lini, haisemi lilitengenezwa lini. Gari la 2005 lililochelewa kuingia linaweza kuwa na herufi ya baadaye kuliko la 2008 lililowahi. Omba kadi, tazama mwaka wa kutengenezwa, ndipo muongee bei.

Bodi, mchana, gari likiwa kavu

Usikague gari lililotoka kuoshwa, maji huficha rangi. Simama pembeni kwenye jua, tazama kwa mshazari kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Mlango uliopakwa upya utauona unang'aa tofauti na mwenzake. Gonga kwa kidole, bati tupu hulia na puti ya kuzibia mikunjo hunyamaza. Halafu tazama boliti za mabawa ya mbele ndani ya boneti. Zikiwa na mikwaruzo ya spana, bawa lilishatolewa, uliza kwa nini. Kwenye buti inua zulia, toa tairi la akiba, pitisha mkono chini kabisa. Bati lililokunjamana hapo ni gari lililogongwa nyuma, na ukikuta unyevu au kutu ujue maji yanaingia.

Sasa hizi taa ninazozililia. Wengi wetu tunachora namba ya gari kwenye taa na vioo kwa kuogopa wezi. Soma kila namba iliyochorwa. Gari la pili nililokwenda kuliona, kabla sijapata hili nililonalo, lilikuwa na taa ya kushoto yenye namba ya gari jingine kabisa, imekwanguliwa nusu. Niliaga nikaondoka. Sikutaka kuwa na taa ya mtu aliyeamka asubuhi akakuta gari lake limetobolewa jicho.

Tairi nazo zina tarakimu nne pembeni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzuri, yaani yale meno ya tairi, haitoshi kama tairi ina miaka minane. Zikiwa zimelika upande wa ndani tu, bushi za mbele zimekwisha au gari limepinda, na fundi ndiye atakayekuambia ni lipi.

Injini ikiwa baridi, na iwe baridi kweli

Hapa ndipo nilipoumia. Lile gari la 2021 nilikwenda kuliona Dar saa nne asubuhi. Nilipofika linanguruma taratibu, AC inapuliza baridi tamu, muuzaji anatabasamu. Nikadhani amenikirimu. Wiki ya tano taa ya oili ikawaka nikiwa kwenye kona ya shule. Nilipovuta kijiti, kilitoka kikavu. Tangu hapo nikawa naongeza lita moja kila kilomita elfu moja.

Fundi wangu alipolifungua aliniita nione kwa macho yangu. Alikuwa ametoa njia za hewa, valvu za kuingizia zimevaa kitu cheusi, kigumu, kimepasukapasuka kama masizi kwenye chungu cha kuni. Akanieleza vizuri. Injini hii inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hakuna petroli inayopita juu ya valvu hizo kuziosha. Mvuke wa oili unaorudi kutoka ndani ya injini unatua pale, unaungua, unaganda. Ringi za pistoni zikichoka, oili inayoungua inaongezeka na masizi yanazidi. Niliuza lile gari kwa kumwambia mnunuzi kila kitu, nikapoteza milioni 3 na nusu.

Kwa hiyo siku hizi nasema hivi: muuzaji asiwashe gari tangu jana jioni, nami nafika alfajiri. Gari nililonalo sasa lilikuwa la mzee mstaafu wa Kihonda. Nilifika saa kumi na mbili na nusu na fundi wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Sijaligusa, kama ulivyosema."

Niliweka kiganja kwenye boneti. Lilikuwa na umande.

Ukishahakikisha ni baridi, fuata mpangilio huu. Vuta kijiti cha oili kwanza, tazama kiasi na rangi. Fungua kifuniko cha kujazia oili, tazama chini yake: utelezi wa kahawia ni sawa, ukoko mweusi ni oili isiyobadilishwa kwa wakati. Washa tochi umulike pampu ya maji upande wa mbele wa injini. Zikivuja, pampu hizi huacha alama kavu za rangi ya waridi, rangi ya maji ya rejeta ya Toyota. Pampu inanunulika, lakini itoe kwenye bei.

Kisha weka swichi bila kuwasha injini na utazame dashibodi. Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeiziba ili usione. Ndipo uwashe. Wewe kaa mbele usikilize, fundi asimame nyuma. Mkwaruzo mkavu wa sekunde moja au mbili mara tu inaposhika ni dalili ya gia za kupangia muda wa valvu kuchoka, na gari likiwa na joto hutausikia kamwe. Sauti ya tik-tik-tik isiyoisha ni ya pampu ya petroli ya shinikizo na ya vinyunyizio, hiyo ni kawaida. Mzee wangu aliacha injini ingurume dakika kumi, kisha fundi akakanyaga mafuta huku nimeshika leso nyeupe nyuma ya ekzosi. Moshi wa buluu hapo ungenirudisha nyumbani. Leso ilitoka na unyevu na vumbi kidogo jeusi.

Muulize muuzaji amebadilisha lini mkanda wa taimingi. Akikutajia tarehe, hajui gari lake, au fundi wake alimla hela, kwa sababu injini hii ina cheni.

Pima kwa kompyuta pia, usiridhike na taa kuzimika. Hitilafu zikifutwa asubuhi taa hutulia hadi jioni, ila mashine ya fundi itaonyesha kama kumbukumbu imefutwa karibuni.

Barabarani

Ukiwa umekanyaga breki, toka P uende R, R uende D. Kishindo kizito si kizuri. Giaboksi ya GRX120 haina kijiti cha kupimia, inatumia oili ya Toyota inayoitwa WS, na mafundi wengi wameziua kwa kumimina oili yoyote nyekundu waliyoikuta dukani. Uliza ilibadilishwa wapi na iliwekwa nini. Panda nayo mlima ukiwa umewasha AC. Mshale wa joto ukishafika katikati usitikisike. Baadaye nililipandisha langu mlima Kitonga, njia ya Iringa, watoto watatu nyuma, tranka mbili za bweni kwenye buti, lori mbele yetu linatambaa, na mshale haukusogea. Nilishukuru Mungu kwa sauti.

Vuka matuta polepole madirisha yakiwa wazi. Mlio wa "kok" chini ya miguu yako ni bushi au viungo vya mikono ya chini. Si ugonjwa wa kukimbia gari, ni wa kupunguza bei.

Na wakalishe watoto nyuma kabla ya kuamua. Shafti inapita katikati kwenda magurudumu ya nyuma, kwa hiyo anayekaa katikati ana tuta miguuni. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka tisa, anaenea. Ukiwa na vijana watatu wenye miguu mirefu, watagombana kuanzia Mikumi.

Makaratasi

Jina kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yako, au awe na nguvu ya kisheria ya kuuza. Kadi iwe yenyewe, si kivuli, kwa maana gari lenye mkopo kadi yake huwa benki. Angalia faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, na bima kama ipo hai. Andikianeni mkataba mbele ya wakili, wote mkiwa na TIN, lipa kupitia benki, kisha nendeni TRA kubadilisha umiliki. Usikubali "tutabadilisha baadaye." Mzee wa Kihonda mwenyewe ndiye aliyenihimiza: "Mwanangu, twende leo, sitaki faini zako zinifuate mimi." Niliona nimenunua kwa mtu mwenye akili.

Langu lilinigharimu milioni 11 na laki nane. Fundi nilimlipa 60,000 kwa asubuhi nzima, na ukibana matumizi, bana kwingine kote ila hapo.

Wiki ya kwanza badilisha oili na chujio hata kama umeambiwa ni mpya, uanze kuhesabu mwenyewe. Andika kilomita kwenye daftari, pima kijiti kila Jumamosi kabla ya kuwasha. Mwezi mmoja utakuambia kama linakula oili. Na siku hiyo hiyo ya kadi mpya, peleka taa na vioo vikachorwe namba.