Programu ya kompyuta ya mrejesho wa insha za Kiingereza: anza na makosa mawili tu

Hatua ya 1: Kusanya insha. Thelathini hivi zinatosha, ziwe za wanafunzi wa kiwango unachokilenga; chache ziweke kando kwa majaribio ya Hatua ya 3. Zisahihishe kwa mkono, kila kosa uliingize kwenye jedwali: sentensi ilivyoandikwa, aina ya kosa, ilivyopaswa kuwa. Kazi inachosha. Ukiikwepa utasahihisha makosa ya vitabuni, si yao.

Hatua ya 2: Chagua mawili. Yawe yanajirudia na yawe na kanuni inayoelezeka. John Truscott, mtafiti wa ufundishaji wa lugha ya pili, aliandika mwaka 1996 kwamba kusahihisha sarufi kwenye insha kuachwe kabisa; mtafiti mwenzake Dana Ferris alimjibu mwaka 1999, akatenga makosa yenye kanuni na yale yasiyo na kanuni ya kumpa mwanafunzi. Ile "s" ya nafsi ya tatu umoja imo kundi la kwanza. Kuchagua kati ya "in" na "at" mara nyingi ni mazoea ya lugha, na mimi humwachia mwalimu.

Hatua ya 3: Andika kanuni, kisha itafutie pa kuivunjia. Tuseme umeandika: baada ya he, she au it, kitenzi kiwe na "s". Inanasa "She go to school" vizuri. Sasa ipe hizi:

- Does she go to school?
- She can go.
- We watched it go.

Zote ni sahihi, na kanuni yako imezipigia mstari mwekundu zote. Ongeza masharti: angalia kama kuna kitenzi kisaidizi, angalia kama "it" ni kiima kweli. Halafu ijaribu kwa insha ulizoziweka kando tangu mwanzo. Kati ya maonyo kumi nataka tisa yawe ya haki; pungufu ya hapo siipeleki kwa wanafunzi. Kosa likipita bila kuonekana, mwalimu ataliona. Mwanafunzi akisingiziwa kosa, hana ubavu wa kubishana na kompyuta: atafuta kilicho sahihi. Ukitumia modeli kubwa ya lugha (kama ile inayoendesha ChatGPT) badala ya kanuni, jaribio ni lilelile, ila ikataze kumwandikia insha upya.

Hatua ya 4: Andika madokezo. Ujumbe wangu wa kwanza ulisema "Kosa la upatanisho wa kiima na kitenzi." Wanafunzi waliufunga bila kuusoma. Siku hizi natumia ngazi tatu, kwa lugha wanayoielewa vizuri:

1. Sentensi nzima inapakwa rangi: "Isome tena. Nani anatenda?"
2. Kitenzi kinapigiwa mstari: "She ni mtu mmoja. Kitenzi kinadai nini mwishoni?"
3. Mfano wa sentensi nyingine: "He plays every day."

Jibu lenyewe silitoi.

Hatua ya 5: Ficha alama alizopata mwanafunzi. Zionekane baada ya rasimu ya pili. Akiziona mapema, anafunga ukurasa na kwenda zake. Maonyo yasizidi matano kwa rasimu.

Hatua ya 6: Hifadhi rasimu zote na kila mbofyo. Insha iliyorekebishwa haithibitishi kitu. Tazama insha inayofuata, kabla ya dokezo lolote, kama kosa limepungua. Ukiona wengi wanarukia dokezo la tatu ndani ya sekunde chache, lifunge mpaka wawe wamebadili walau neno moja kwenye sentensi.