Kulinda Vitu vya Thamani Nyumba Inapokuwa Sokoni

Mtu anapotangaza kuwa nyumba yake inauzwa, hufanya jambo ambalo huenda hajawahi kulifanya tangu ahamie humo: huwakaribisha watu asiowajua waingie hadi chumba anacholala, wafungue makabati na kuchungulia nyuma ya milango. Uzio, kufuli na mbwa havimfai kitu, kwa kuwa mgeni ameingia kwa ruhusa. Kinachoibwa katika mazingira hayo mara nyingi si televisheni wala samani, bali kitu kinachoenea kiganjani, kama vile pete, saa, kadi ya benki au chupa ya dawa. Na kwa sababu hakuna mlango uliovunjwa, mwenye nyumba anaweza kukaa wiki kadhaa bila kugundua, na siku anapogundua, wageni wameshakuwa wengi kiasi kwamba hajui amshuku nani.

Kwa hiyo hatua ninayoisisitiza kuliko nyingine zote ni kuviondoa vitu hivyo nyumbani kabla mgeni wa kwanza hajafika. Kuvificha hakutoshi. Mnunuzi makini atafungua kabati la nguo ili aone ukubwa wake na atainama chini ya sinki atazame mabomba, kwa hiyo mahali ulipozoea kuficha vitu ndipo hasa atakapofika, tena mbele ya macho yako. Vito, fedha taslimu na vitu vya urithi vihifadhiwe benki, kama inatoa huduma ya masanduku ya amana, au kwa ndugu unayemwamini. Vikilazimika kubaki, viwekwe ndani ya sefu iliyokazwa kwa bolti sakafuni au ukutani, kwani sefu ndogo isiyokazwa hubebwa pamoja na vilivyomo.

Nyaraka zinahitaji uangalifu wa namna yake, kwa sababu mwizi wa nyaraka hahitaji kuondoka nazo. Picha moja ya simu iliyopigwa juu ya pasipoti, taarifa ya benki au bili yenye jina na namba ya akaunti inamtosha kujifanya wewe. Ziondoe zote mezani, pamoja na karatasi yenye nywila ya intaneti na kalenda ya ukutani inayoonyesha siku mtakazosafiri. Mnunuzi anayetaka kuthibitisha umiliki apewe nakala ya hati kupitia wakili, mazungumzo yakishafikia hatua hiyo. Hati halisi haina sababu ya kuwapo nyumbani wakati wa ziara. Dawa nazo zisiachwe kwenye kabati la bafuni. Dawa kali za maumivu na za usingizi zina watu wanaozitafuta, na mgonjwa anayekuta chupa yake haipo usiku wa manane ana hasara kubwa kuliko ya fedha.

Funguo ndizo zinazosahaulika zaidi. Katika nyumba nyingi ufunguo wa akiba huning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, ambapo kila mgeni hupita. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kuwa ufunguo unaweza kuchongwa kutokana na picha yake tu, hata iliyopigwa kutoka umbali wa takriban mita 60. Toa misumari hiyo na kilichoning'inizwa hapo. Dalali umpe ufunguo mmoja, uandike siku uliyompa, na umuulize bila haya ni nani mwingine ofisini kwake anaugusa.

Kabla ya kupiga picha za tangazo, simama pale kamera itakaposimama na utazame kila kinachoonekana, hata ndani ya kioo, kwa maana picha zikishaingia mtandaoni hutazamwa pia na watu wasio na nia ya kununua nyumba.

Ziara zenyewe zifanyike kwa miadi, kundi moja kwa wakati mmoja, baada ya kupata jina na namba ya simu ya mgeni na kuipigia namba hiyo kuhakikisha ni yake. Pasiwe na mwenyeji mmoja peke yake. Fikiria watu wawili wamefika: mmoja anakuita jikoni akuulize kwa nini bomba linavuja, anauliza tena kuhusu tangi la maji, na wakati unamweleza kwa moyo wote, mwenzake anaomba kutumia choo kilicho karibu na chumba cha kulala. Dakika mbili zinamtosha. Mkiwa wenyeji wawili, kila mgeni ana wa kufuatana naye. Mgeni atangulie kuingia chumbani, nawe ubaki mlangoni, mahali unapoweza kuiona mikono yake. Huo si utovu wa adabu, na mnunuzi wa kweli hataudhika.

Piga picha za vitu vyako, uandike namba zake za utambulisho (ya simu huonekana ukibonyeza *#06#), kisha uhifadhi orodha hiyo nje ya nyumba pamoja na risiti. Usome pia mkataba wako wa bima mapema, kwa kuwa baadhi ya bima hazilipi wizi usio na dalili za kuvunja, na wizi wa namna hii kwa kawaida hauachi dalili hizo.

Mgeni akishaaga, zunguka nyumba nzima mara moja, usingoje jioni. Shika kila komeo la dirisha kwa mkono, kwa sababu komeo lililolegezwa huonekana kama limefungwa, na yupo anayelilegeza mchana ili arudi usiku. Anza na dirisha la choo na la stoo, ambayo hayafunguliwi mara kwa mara. Ukikuta moja limelegezwa, lifunge, umjulishe dalali jina la aliyetembelea na saa aliyofika, kisha upeleke taarifa polisi siku hiyo hiyo, hata kama hakuna kilichopotea.