Kabla ya Kuitisha Kongamano la Afya ya Akili Pemba: Mambo ya Kuzingatia

Makongamano ya ustawi wa jamii yanayozungumzia afya ya akili yamekuwa jambo la kawaida visiwani kwetu, hasa inapokaribia tarehe 10 Oktoba, ambayo tangu 1992 huadhimishwa kuwa Siku ya Afya ya Akili Duniani. Ni jambo la kheri. Hata hivyo, anayesimama kuzungumza katika kongamano la aina hii anaieleza nyumba yake, na jioni anarejea kulala katika shehia ile ile wanayoishi waliomsikiliza. Nimeyaandika haya kwa kamati za maandalizi, na ninaomba yasomwe kabla ya kadi za mwaliko kutoka.

Tuanze na tarehe. Ijumaa isiguswe. Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo itazamwe kalenda ya mwaka husika. Ulizeni pia hali ya karafuu, kwani zikishaiva watu wako mashambani mchana kutwa wanachuma na usiku wanachambua makonyo, na ukumbi utajaa maofisa peke yao. Ratiba iache nafasi ya sala ya adhuhuri na alasiri, pawepo maji ya kutilia udhu, na wanawake wapate upande wao na mlango wao. Sheha aarifiwe mapema, si asubuhi ya shughuli.

Kisha waalikwa. Familia nyingi zenye mgonjwa wa akili hupita kwanza kwa shekhe au kwa mganga, na ni hapo mgonjwa anapofikia hospitali kwa kuchelewa au kwa wakati. Kuwaacha watu hao nje ya kongamano ni kulifanya kongamano liwe la wataalamu wanaosikilizana wenyewe. Waalikeni, lakini kaeni nao kitako siku kadhaa kabla, pamoja na madaktari na wauguzi, ili makubaliano mawili yafikiwe bila ya hadhira. La kwanza ni kwamba daktari hatasimama kuidharau dua wala kombe. Aya zilizoandikwa kwa zaafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi na mgonjwa akanywa, hazigombani na kidonge chake, na mama aliyemnywesha mwanawe kwa imani akichekwa mbele za watu hatarudi tena kliniki. La pili ni zito zaidi: hakuna shekhe wala mganga atakayemwambia mtu aache dawa za hospitali. Mgonjwa wa kifafa anayekatiza dawa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo hata akapoteza maisha, na mwenye maradhi mazito ya akili anaweza kurudiwa na hali ile ile iliyoivuruga nyumba. Neno moja la kiongozi wa dini likitoka kwenye kipaza sauti lina nguvu kuliko cheti chochote cha daktari, kwa hiyo lisiachwe litoke kwa bahati.

Watoa mada wanaokuja kutoka nje ya visiwa wapewe maelezo ya mahali wanapokwenda. Meli ya Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kuja Pemba, na mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Walikufa mamia ya watu, na wengi hawakuonekana hata wakazikwa. Kwa hiyo zoezi la kufumba macho na kujiona unaelea juu ya bahari, ambalo kwengine hutumika kuituliza akili, lisifanywe katika ukumbi wa Pemba. Someni mazoezi yote yaliyoandaliwa, moja baada ya jingine, na yenye shaka yaondolewe hata kama mtoa mada atakasirika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike, nalo ni ushuhuda.

Katika kongamano moja nililohudhuria, lililoandaliwa na watu ambao sina shaka na nia yao, mama mmoja wa makamo aliitwa mbele aeleze habari za mwanawe aliyeugua angali skuli. Kijana aliacha kusema na watu, kisha akawa anatoka usiku na asubuhi anakutwa ameketi chini ya mkarafuu. Mama alieleza kwa utulivu jinsi walivyozunguka naye kutafuta tiba, jinsi walivyomfunga mguu kwa kamba kwenye nguzo ya uani kwa kuhofia asije akatumbukia baharini, na jinsi sindano anayochomwa kila mwezi ilivyomrudisha, hata sasa hutumwa dukani na akarejea na chenji kamili. Watu walilia. Wakati huo kijana wa picha alikuwa amepiga goti mbele yake, na katika safu ya mbele simu kadhaa zilikuwa zimeinuliwa. Kabla ya magharibi uso wake na sauti yake vilikuwa vimeshafika katika makundi ya simu ya Chake Chake, ya Unguja na ya jamaa zetu walioko Muscat.

Binti wa nyumba ile alikuwa ameshaposwa na mahari yameshazungumzwa. Haukupita muda, wazee wa upande wa pili wakaleta salamu za adabu kwamba kijana wao ameona bora amalize kwanza masomo. Hapana aliyehitaji kufafanuliwa. Mwana mgonjwa naye, ambaye hakuulizwa hata mara moja kama habari zake zielezwe, akaanza kuitwa njiani «mtu wa kamba», na akaacha kwenda kuchoma sindano. Nilipomtembelea mama yule nilimkuta barazani na ungo wa mchele mapajani, anatoa chuya. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba aliambiwa ni mazungumzo ya humo ndani.

Kwa hiyo, anayetakiwa kutoa ushuhuda aulizwe nyumbani kwake siku nyingi kabla, aelezwe nani watakuwepo na maneno yake yanaweza kufika wapi, kisha aulizwe tena asubuhi ya siku yenyewe. Akighairi, apewe nauli yake na heshima yake bila ya kubembelezwa. Mgonjwa mwenyewe aulizwe kabla ya mzazi, maana maradhi ni yake. Watu wote wa nyumba ile wajue, hasa wenye posa mkononi. Ikiwezekana, msimulizi atoke wilaya nyengine, au habari zisomwe na muuguzi zikiwa zimebadilishwa umri, mahali na jinsia. Simu zote ziwekwe kwenye kikapu mlangoni, pamoja na za wageni rasmi, na mpiga picha atoke nje kipengele hicho kinapoanza. Karatasi iliyotiwa saini haitoshi. Mtu hutia saini kwa kumstahi aliyemletea.

Pawepo chumba cha pembeni, chenye mkeka, maji na muuguzi wa kike na wa kiume, kwa yeyote atakayezidiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unaelekeza kutazama, kusikiliza na kumuunganisha mtu na msaada, na unakataza kumshurutisha aeleze yaliyomkuta. Wanaokaa chumba hicho waujue.

Mfikirie pia siku inayofuata. Hospitali maalumu ya maradhi ya akili iko Kidongo Chekundu, Unguja; kwa mtu wa Micheweni, kaskazini ya Pemba, ni safari ya kisiwa kizima na bahari juu yake. Msiwahimize watu wakatafute tiba kabla hamjakwenda wenyewe kwenye kliniki za karibu kuuliza siku za huduma, jina na cheo cha wa kumwona, na kama dawa zipo kwenye kabati. Nambari za simu zitakazogawiwa zipigwe kwanza na mjumbe wa kamati, mchana na usiku.

Chakula kitoke kwa wakati, kwani wapo wanaokunywa dawa baada ya kula. Vipaza sauti visiwe vikali. Mabango yasibandikwe picha za wagonjwa, wala magari ya kuwachukua waalikwa yasiandikwe jina la shughuli na kusimamishwa mbele ya milango yao. Na atakayewatembelea waliotoa ushuhuda, wiki ile na mwezi unaofuata, ateuliwe na kupewa nauli kabla ya kongamano, kwa sababu bajeti ikishafungwa hapana atakayekwenda.