Kupanda muti na buloni juu ya kuvizia nyama: namna ya kutobola vizuri

Benye banavizia nyama ku mapori ya pembeni ya Lubumbashi banajua hii shida, njia ya nguruwe-pori inapita chini ya muti kabisa, upepo uko muzuri, lakini tawi ya kwanza iko mita tano juu na hakuna pa kushika. Bantu bengi banapigilia misumari na bipande bya mbao. Tafazali acheni ile, mbao inaoza na mvua, musumari unachomoka chini ya muguu, na siku benye kupasua mbao batakuja kuangusha ule muti, musumeno yabo itakutana na chuma ndani. Kuko njia ingine yenye bawindaji ba Marekani banatumikisha sana: unatobola mashimo, unaingiza buloni na mukono tu, unapanda, na ukishuka unachomoa buloni zote unarudia nazo nyumbani.

Mbele ya yote, ruhusa. Sheria ya kuwinda ya Kongo ni ile namba 82-002 ya tarehe 28/5/1982, kwa hiyo tafuta permi, na ndani ya parke ya Upemba ao Kundelungu usiingie na bunduki. Inje ya parke, ona shefu wa ule udongo na umuambie wazi kama utatobola muti wake, usimufiche. Hata kule Marekani, ku mapori mingi ya serikali banakataza kutobola miti.

Sasa buloni. Hapa njo bantu banapenda kupunguza feza, na hapa njo haipaswe kupunguza. Tafuta ya milimita 12 unene na 150 urefu, na uangalie kichwa yake: inapaswa kuandikwa 8.8. Ile namba inasema nguvu ya chuma, na buloni yenye kichwa haina namba yoyote uiachie kenkayeri (mwenye kuuzisha byuma), juu inaweza kupinda ukiwa na kilo 80 ao 90 juu yake. Kipande cha ferabeto (chuma ya kujengea nyumba) pia hapana. Tena angalia meno: ku buloni nzuri ya ule urefu, meno iko ku ncha tu, sentimita tatu na kitu, sehemu ingine yote ni laini. Ile ya laini njo inapaswa kuwa pale buloni inatokea ku muti, juu pale njo uzito wote unakamata, na meno ikiwa pale buloni inakuwa na unene kidogo kuliko unavyofikiri. Kichwa inabakia inje, inazuia muguu usiteleze.

Muti: muzima, umesimama wima, unene wa sentimita 30 na kuendelea. Gonga na nyundo kuzunguka, sauti ya ngoma inasema ndani kuko wazi, enda ku mwingine. Muputu na mutondo iko sawa. Mubanga iko nguvu sana lakini utachoka, meshi (chuma ya kutobolea) inapata moto mbele hata ya kufika katikati. Mukula musiguse, bamekwisha kuikata sana na ukiitobola inatoa maji mwekundu kama damu. Na kama ule muti njo bamama ba kijiji banaokoteaka finkubala (viwavi bya kula) kila mwaka, tafuta mwingine, pori iko kubwa.

Kutobola: meshi ya mbao ya milimita 12, ku mashini ya mukono ao ya batri (ya mukono iko bora, haifanye makelele). Funga kipande cha skoch ku meshi kuonesha urefu wa kuingia, sentimita 7 ao 8 ndani ya mbao yenyewe, ganda haihesabiwe, juu ganda haibebe mutu. Kama ganda ni nene, ongeza. Shimo iinamishe kidogo kuelekea ndani, kichwa ya buloni ibakie juu kidogo kuliko ncha, na muguu utaegemea muti peke yake. Buloni inapaswa kuingia kwa kusukuma na kuzungusha na mukono. Ikicheza, usipandie pale, tobola shimo ingine mbali kidogo. Shimo moja kushoto, moja kuume, zikipishana, sentimita 40 kati ya moja na nyingine, na zipitishe urefu wa pale utakaa, juu unapaswa kushukia ku kiti toka juu, si kujivuta toka chini. Mita tano inaomba karibu buloni 13 ao 14. Muguu uweke karibu na muti, si ku kichwa ya buloni.

Na kamba. Buloni ni ngazi tu, haiko kitu cha kukushika. Vaa arne (mikaba ya kuzuia kuanguka) ya mwili muzima, ile bantu ba mine banavaa kazini, yenye haijapasuka wala kuchomeka na jua, zungusha kamba ku muti na ukae umefungwa toka miguu inaacha udongo mpaka irudi chini, hata wakati unatobola, zaidi wakati unatobola, juu pale mikono yote mbili ina kazi. Weka kamba fupi yenye kitanzi ndani ya mufuko, ukianguka na kuning'inia unaingiza muguu ndani na kusimama, juu arne ikibana mapaja kwa muda murefu damu haipande vizuri na unaweza kufa ukiwa umefungwa vizuri kabisa. Ambia mutu nyumbani uko muti gani na saa ngapi utarudi.

Bunduki haipande na wewe mu mugongo. Toa risasi, ifunge na kamba ingine, mudomo uangalie chini, panda kwanza, kisha uivute pole pole. Kushuka ni vile vile: risasi inatoka, bunduki inashuka kwanza, kisha wewe, na unachomoa buloni moja moja kila wakati miguu yako imekwisha kuipita, ukiwa umesimama ku mbili za chini. Shimo usizibe na sima wala kipande cha mbao, muti mzima unajifunga peke yake.