Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutembelea Boma la Iringa

Anayepanga kulitembelea Boma la Iringa akumbuke kwanza kwamba jengo lenyewe ni sehemu ya maonyesho. Lilijengwa enzi za utawala wa Wajerumani, likawa ofisi za serikali kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa. Kwa hiyo halikusanifiwa kupokea umati. Mwalimu anayeleta darasa zima atoe taarifa mapema na kuwagawa wanafunzi katika makundi madogo, ili kundi moja likiwa ndani, jingine libaki nje likichunguza unene wa kuta na mpangilio wa madirisha, badala ya kusubiri kwa kupiga soga. Saa za kufungua na viingilio viulizwe kabla ya safari, na fedha taslimu zisikosekane mfukoni.

Mikoba mikubwa iachwe kwenye gari au mapokezi, kwa kuwa begi la mgongoni hugonga kitu kabla mwenyewe hajageuka. Vitu visiguswe bila ruhusa: jasho na mafuta ya vidole huingia kwenye nyuzi za vitu vilivyofumwa na kuacha madoa, na mwanga mkali hufifisha rangi ambayo hairudi tena, ndiyo maana ni vyema kuuliza kuhusu picha na kuzima taa ya kamera.

Kwa maoni yangu, maandalizi yenye faida kuliko yote ni kupita sokoni kwanza na kushika kikapu cha milulu, yaani majani yanayofumiwa vikapu vya Iringa. Kigeuze utazame kitako, mahali mfumaji alipoanzia, uone nyuzi zinavyoongezeka kadiri duara linavyopanuka. Aliyekwisha kukishika kikapu kwa mkono wake hukitazama kilicho nyuma ya kioo kwa macho mengine kabisa, na maswali yake kwa mwongozaji huwa ya maana.

Mwezi Juni hadi Agosti asubuhi huwa na baridi kali, hivyo sweta ni lazima, hata kwa mgeni anayedhani Tanzania yote ni joto. Anayetaka kuunganisha ziara na makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, huko Kalenga, yapata kilomita 15 kutoka mjini, atenge siku nzima. Fuvu lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limehifadhiwa huko, nao Wahehe hulihesabu kuwa la Mkwawa, mzee wao. Watoto waelezwe hivyo wangali nyumbani, na kofia zivuliwe mlangoni.