Jinsi ya Kuanza Kucheza Pikoboli: Kutoka Kushika Kibao Hadi Kuhesabu Pointi

Mchezo wa pikoboli (pickleball), unaochezwa kwa vibao na mpira wa plastiki unaopigwa juu ya wavu, ulibuniwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington nchini Marekani, na Joel Pritchard, Bill Bell na Barney McCallum, waliotaka mchezo ambao familia nzima ingeweza kuucheza pamoja. Wanafunzi wangu wengi, hasa wanaotoka kwenye tenisi, hufika wakiamini kwamba ushindi unatokana na nguvu za mkono. Katika mchezo huu, mahali unaposimama pana uzito kuliko kasi ya pigo lako, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu eneo lililo karibu na wavu.

Hatua ya kwanza: Andaa vifaa

Unahitaji kibao kigumu kisicho na nyuzi, mpira wa plastiki wenye matundu, na viatu. Mpira unaotumika nje kwa kawaida una matundu madogo mengi, na ule wa ukumbini una machache yaliyo makubwa zaidi, ingawa kanuni zinadai tu kwamba yawe kati ya 26 na 40. Kibao cha uzito wa kati kinamtosha anayeanza; cha bei kubwa kinaweza kusubiri. Viatu visisubiri, kwa kuwa vile vya kukimbilia vimetengenezwa kwa ajili ya kwenda mbele, ilhali hapa utakuwa ukisogea kushoto na kulia kwa ghafla, na kifundo cha mguu ndicho kinachoumia.

Hatua ya pili: Ufahamu uwanja

Uwanja una upana wa mita 6.10 na urefu wa mita 13.41, vipimo vilevile vya uwanja wa badmintoni wa wachezaji wanne. Wavu una kimo cha sentimita 91.4 pembeni na 86.4 katikati. Kila upande, kuanzia kwenye wavu hadi mita 2.13, kuna eneo ambalo wachezaji huliita jikoni. Ukiazima uwanja wa badmintoni, shusha wavu, kisha bandika utepe wako mwenyewe kuonyesha mpaka wa jikoni, kwa sababu mstari wa mbele wa badmintoni uko mita 1.98 kutoka kwenye wavu na utakudanganya.

Hatua ya tatu: Shika kibao na uanzishe mpira

Kamata mpini kana kwamba unampa mtu mkono, bila kuukaba. Simama nyuma ya mstari wa mwisho, bila kuukanyaga, kisha upige mpira kwa mkono unaotoka chini kwenda juu, ukiugusa chini ya kiuno, uende kimshazari hadi kwenye boksi la upande wa pili, yaani nusu ya kulia au ya kushoto ya eneo lililo nyuma ya jikoni. Ni lazima uvuke jikoni pamoja na mstari wake; ukidunda kwenye mstari mwingine wowote wa boksi hilo, ni halali. Unayo nafasi moja tu. Kanuni zinaruhusu pia kuuachia mpira udondoke wenyewe na kuupiga baada ya kudunda, na hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wanaoanza, kwa kuwa inawaondolea hofu ya kukosea kimo cha mkono.

Hatua ya nne: Subiri midundo miwili

Anayepokea ni lazima auache mpira udunde kabla ya kuurudisha, na upande ulioanzisha nao ni lazima uuache udunde kabla ya kuupiga tena. Baada ya hapo kila mmoja yuko huru kuupiga ukiwa hewani. Matokeo yake ni kwamba walioanzisha hubaki nyuma huku mpokeaji akiwa tayari amekwenda mbele, na kwa hakika anapaswa kwenda mara tu anapourudisha mpira.

Hatua ya tano: Jifunze kuishi kando ya jikoni

Hairuhusiwi kuupiga mpira ukiwa hewani huku ukigusa jikoni au mstari wake. Hata kama ulipiga ukiwa nje, mwendo wa pigo hilo ukikusukuma ndani ni kosa, na kofia yako ikiangukia humo kutokana na pigo hilo, ni kosa vilevile. Lakini hakuna anayekukataza kuingia, na mpira ukishadunda humo unaweza kuufuata. Kinachosahaulika ni kutoka: ni lazima miguu yote miwili iwe imegusa chini nje ya jikoni kabla ya kupiga tena mpira wa hewani.

Zoezi ninaloliona kuwa na faida kuliko yote ni hili. Wewe na mwenzako simameni kila mmoja nyuma kidogo ya mstari wa jikoni yake, mpigiane taratibu ili mpira udunde ndani ya jikoni ya mwingine. Kunja magoti, ukutane na mpira mbele ya mwili wako, na uusukume kwa bega huku kifundo cha mkono kikiwa kimetulia. Mpira unaopita juu kidogo tu ya wavu na kudunda karibu na vidole vya miguu vya mpinzani humlazimisha aunyanyue. Unaopaa hadi kifuani mwake unamwalika aukandamize. Mkishazoea, rudi nyuma hadi mstari wa mwisho na ujaribu kuudondosha mpira uleule laini jikoni kwa mwenzako. Pigo hilo ndilo linalowapa walioanzisha muda wa kusogea mbele.

Hatua ya sita: Hesabu pointi

Kwa utaratibu wa kawaida, upande unaoanzisha ndio pekee unaopata pointi, na mchezo huisha kwa 11 mradi tofauti iwe angalau mbili. Mkicheza wawili wawili, mwanzishaji hutaja namba tatu: pointi za timu yake, za wapinzani, na kama yeye ni mwanzishaji wa kwanza au wa pili. Mchezo huanza kwa 0-0-2, maana timu inayotangulia hupewa mwanzishaji mmoja tu badala ya wawili, naye huhesabiwa kuwa wa pili. Kila mnapopata pointi mkiwa mnaanzisha, badilishaneni pande na mwenzako, wapokeaji hawahami. Mkipotea, tazameni pointi zenu: zikiwa namba shufwa, yule aliyekuwa kulia mchezo ulipoanza anapaswa kuwa kulia, na zikiwa witiri, awe kushoto.