Ukuta wa vumbi ukikukuta njia ya Namanga au Natron

Naendesha wageni kutoka Arusha. Njia ninazozijua zaidi ni lami ya Namanga kupitia Longido, na ile ya vumbi itokayo Mto wa Mbu, ikapita Engaruka hadi Ziwa Natron. Kiangazi kikikolea, kabla ya mvua za vuli, nyasi huwa zimekwisha na mifugo imekanyaga udongo hadi ukawa unga. Upepo ukivuma kwa nguvu huioni hata boneti ya gari lako. Madereva vijana huniuliza wafanyeje, nami huwajibu hivi.

Kisulisuli kile chembamba cha mchana wa jua kali kisikutishe. Punguza mwendo, funga vioo, kitapita. Cha kuogopa ni ukuta. Wingu la radi likianza kumwaga mvua mbali, hewa ya baridi hushuka nayo kwa kishindo, ikifika chini hutawanyika na kuzoa vumbi mbele ya mvua. Ukiona wingu jeusi na chini yake mstari wa kahawia unaozidi kukua, na upepo wa joto umegeuka ghafla kuwa wa baridi, tafuta pa kusimama hapohapo. Sudan na Arizona, Marekani, kuta hizo huweza kupita kimo cha kilomita moja. Huku kwetu hata wa kimo cha mti unatosha kuua, maana barabara ya Namanga ina malori.

Sasa jambo ambalo madereva wengi hunibishia: ukishatoka barabarani na kusimama, zima taa zote, hazadi pia. Dereva wa nyuma asiyeona kitu hutafuta taa ya kuifuata. Akiona nyekundu yako anaamini uko barabarani unakwenda, naye anakuja moja kwa moja mgongoni mwako. Arizona madereva hufundishwa hivyohivyo: toka kwenye lami kadiri uwezavyo, zima taa zote, vuta hendibreki, ondoa mguu kwenye breki ili taa ya nyuma isiwake, kaa na mkanda wako. Taa ziwake tu wakati gari bado linatembea. Na kusimama katikati ya barabara, hata kwa dakika moja, nasema hapana kabisa.

Unapotoka pembeni angalia watoto wachungaji na ng'ombe wao. Nao wamekimbilia hukohuko. Usiingie kwenye korongo kujikinga na upepo. Mvua inafuata nyuma ya vumbi, na korongo kavu huweza kushusha maji ya milimani wakati ulipo halijadondoka tone.

Paa la gari la wageni, lile linaloinuliwa ili watazame wanyama, lishushwe mapema, kabla upepo haujafika, kwa sababu ukishafika hutaliweza. Zima injini, funga vioo na matundu ya hewa. Kila mgeni apate kanga au shuka, ailoweshe kidogo, afunike pua na mdomo. Mwenye pumu muulize mkiwa bado Arusha, na dawa yake ya kuvuta iwe mkononi, isifungwe kwenye mizigo. Anayevaa lenzi za macho azitoe mapema.

Natron kuna la zaidi. Vumbi la kando ya ziwa lina magadi, linachoma macho. Mtu asisugue, mmiminie maji safi mengi. Ndiyo maana mimi hubeba dumu la lita 20 mbali na maji ya kunywa.

Likiwakuta kwa miguu, msitembee. Kaeni nyuma ya jiwe kubwa, upande usiopigwa na upepo, mchuchumae mkiinamisha kichwa na kufunika uso. Mti mmoja uliosimama peke yake uachwe, radi iko karibu.

Vumbi likitua, hesabu watu wako na wape maji wasukutue. Kama vumbi lilikuwa zito, fungua ea klina, yaani chujio la hewa ya injini, uitazame kabla ya safari ndefu. Gereji waipulize kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, maana kutoka nje huzidi kulikandamiza vumbi. Washa taa kwanza, ndipo urudi barabarani.